Mbuzi wa Krismasi, Mwaka wa Mafuriko

Nikiwa mdogo, kabla sijajua kushika kisu, lori la chumvi lilipinduka karibu na Modogashe. Halikugongana na kitu. Mchanga tu ulilishinda. Lilikuwa limebeba magunia ya chumvi mpaka juu, na dereva wake alikuwa Mkamba mmoja mnene mwenye kofia ya sufu katika jua lile. Magunia yakapasuka. Sisi tulikuwa tumehamia upande ule na mbuzi wa baba, na mbuzi akisikia harufu ya chumvi hasikii tena mtu. Wakaenda wote. Baba akapiga mbinja, mama akarusha mawe, wapi. Walilamba ule mchanga mpaka wakachimba shimo. Dereva alikuwa amekaa juu ya tairi analia, na mbuzi mmoja akaja akamlamba jasho la shingo. Mimi nikacheka, baba akanipiga.

Kuwatoa mbuzi pale hatukuweza, kwa hivyo tulihamisha nyumba. Wallahi, mama alibomoa kibanda akakijenga upya kando ya lori, na mimi nikalala ndani ya kabini nikishika usukani. Lilipokuja lori la kulivuta kutoka Garissa, mama alimwambia dereva wake anichukue anipeleke kwa kaka yake mjini. Alisema mtoto huyu mbuzi hawamsikii, labda atafaa kwa mbuzi waliokwisha kufa.

Ndivyo nilivyofika Garissa, kwa abti yangu Sahal. Abti kwetu ni ndugu wa mama. Alikuwa mchinjaji. Shuleni aliniingiza, nikatoka mwenyewe. Herufi nilizomalizia kujifunza nilizisoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana mpaka leo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho sijui, kwa sababu mwisho ulikuwa na damu.

Juzi kijana mmoja mwenye bucha, bucha ya vigae na friji ya kioo, aliniuliza kama ni kweli zamani Krismasi ilikuwa kitu kikubwa hapa. Wenzake wakacheka. Krismasi, Garissa? Ndiyo, Garissa. Mimi nimechinja mbuzi wa Krismasi miaka mingi kuliko umri wenu, na ndevu zangu hizi za hina. Kaeni niwaambie. Nikipotea njia, nitarudi.

Watu wa bara walikuwa wengi hapa miaka ile ya tisini. Walimu, askari, manesi, makarani, watu wa magereza. Mwezi wa kumi na mbili wengi walipanda basi kwenda kwao, na basi halikwenda peke yake, lilikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu majambazi walikuwa wanajua tarehe ya Krismasi kushinda padri. Waliobaki ni wale ambao kazi haikuwaruhusu. Hao ndio waliofanya Krismasi, na waliifanya kwa nguvu, kama mtu anayeimba ili asilie.

Basi utaona tawi la mgunga limesimamishwa ndani ya debe la mchanga, limebandikwa pamba ya hospitali, eti ni theluji. Nani alikuwa ameona theluji? Kadi kutoka kwao zilitundikwa kwenye kamba kama nguo. Watoto walivaa nguo mpya zenye mikunjo ya dukani, viatu vikubwa ili viwafae na mwaka ujao, miwani ya plastiki ya rangi nyekundu. Mpiga picha alikuja na pazia lake lenye picha ya maghorofa ya Nairobi, na watu wakapiga picha mbele ya Nairobi wakiwa wamekanyaga mavi ya mbuzi. Jioni kulikuwa na video kwenye banda la mabati, mateke na ngumi za Wachina, na hapo hakukuwa na Mkristo wala Mwislamu, wote tulikuwa tunasukumana mlangoni. Radio ilipiga nyimbo za Krismasi tangu asubuhi. Betri zikiisha nguvu zilianikwa juani juu ya bati, zikipata joto zinaimba tena kidogo.

Na mbuzi. Hapo ndipo sisi tuliingia. Mtu wa bara aliyekaa hapa mwaka mmoja alikuwa ameshajua desturi: mbuzi wa Krismasi hachinji mwenyewe. Anaita mchinjaji Mwislamu. Hakuna aliyemlazimisha. Ni kwamba majirani zake ni Waislamu, na sikukuu ya kula peke yako nyuma ya mlango si sikukuu. Mbuzi akichinjwa na Sahal, nyumba zote za mstari zinakula. Na sisi Idi ikifika tunawapelekea nyama yao. Siku ya Krismasi abti alikuwa anazunguka kotasi zote tangu alfajiri, na mimi nyuma yake nimebeba jiwe la kunoa.

Nyinyi hamjui kunoa. Mnanoa kwa mashine, cheche zinaruka, kisu kinaungua makali. Abti alinoa kwa jiwe la mto na maji ya sabuni, polepole, huku anaongea mambo mengine, halafu anajaribu kwenye ukucha wa gumba. Kisu kikiteleza kwenye ukucha, bado. Kikishika, tayari. Alinifundisha kuficha kisu mgongoni mpaka mnyama alale. Kumlaza kwa ubavu wa kushoto, uso kibla, bila kumwonyesha damu ya mwenzake. Kuchuna kwa ngumi, si kwa kisu, ngozi isitoboke. Siku ya kwanza nilitoboa ngozi mara nyingi mpaka akaivaa kichwani, akatoa macho kwenye matundu, akazunguka nayo sokoni akiuliza nani amemwona mpwa wake Bile.

Lakini kubwa alilonifundisha ni kumtazama mnyama kabla. Puani, machoni, mkiani. Anayetoka damu au kamasi, mwache. Hili ni gumu kwetu wafugaji, na msijifanye hamjui. Mnyama wetu akianza kufa, mikono yetu inatafuta kisu. Akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Akiwahiwa, ni nyama halali na watoto watakula. Haraka hiyo tumezaliwa nayo. Abti mwenyewe, aliyenikataza mimi, alikuwa nayo.

Sasa nije kwa Wafula.

Wafula alikuwa mtu wa pampu. Pampu ya maji kule mtoni, ile inayosukuma maji mjini. Mtu wa Bungoma, mrefu, kila mlango alikuwa anainama. Mke na watoto walikuwa kwao, na yeye Krismasi hakuenda hata mara moja, kwa sababu akiondoka pampu inakasirika, na pampu ikikasirika mji unakunywa nini? Alikuwa anaisemesha ile mashine kama ng'ombe. Watoto wake aliwaona kwenye picha. Kwa hiyo Krismasi yake aliwafanyia watoto wa kotasi, wa dini zote. Alinunua mbuzi mapema, akamfuga uani, akampa maganda ya viazi na jina. Watoto walilia kila mwaka mbuzi akichinjwa, halafu wakala.

Yeye na abti walikuwa marafiki wa kutukanana. Abti alimwambia mbuzi wako amekonda kama twiga wa Bungoma. Wafula alisema afadhali mbuzi, mzee, ungejiona wewe. Walinywa chai ya maziwa ya ngamia pamoja, Wafula akikunja uso kila mara na kila mara akiomba kikombe kingine.

Halafu ukaja ule mwaka wa Elnino. Mvua ilianza kama neema. Watu walitoka nje wakasimama mvuani. Halafu ikakataa kuacha. Mto ukapanda, ukaingia mashambani, ukaingia kwenye nyumba za chini, ukaimeza pampu ya Wafula. Barabara ya ng'ambo, ile ya kwenda Nairobi, ikawa ziwa. Hakuna lori, hakuna basi, hakuna msafara. Sukari ilikwisha, unga ukaisha, tukawa tunatazama juu kama helikopta inaleta chakula. Wafula alikaa ukingoni kila siku akitazama mahali mashine yake ilipokuwa, maji ya rangi ya chai yakipita juu yake.

Mbu walikuwa wengi mpaka ng'ombe walikimbia ovyo. Ndipo mifugo ikaanza kutupa mimba. Kondoo, mbuzi, ngamia, zizi zima asubuhi moja. Habari zikaja kutoka Bura na Ijara kwamba watu nao wanaugua, homa, na wengine wanatoka damu. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyejua jina lake wakati ule. Baadaye watu wa serikali walikuja na jina na vipaza sauti, wakakataza kuchinja. Walikuwa sawa. Lakini sisi tulikuwa tumeshachinja.

Asubuhi ya Krismasi abti hakuwa na kazi. Hakuna aliyekuwa na mbuzi wa kuchinja isipokuwa Wafula, na wa Wafula alitakiwa mchana. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukinoa kisu bure tu, mkono usisahau, tukamwona anakuja mbio kwenye tope, viatu mkononi.

"Mzee, mbuzi anakufa," alisema. "Jana alikuwa mzima. Sasa ameanguka. Njoo haraka kabla hajafa."

Abti aliuliza kama anatoka damu puani. Wafula akasema hajui, hakuangalia, alimwona ameanguka akakimbia. Mimi nilimtazama abti. Nilijua atasema mwache. Miaka yote aliniambia mwache. Lakini watoto wa kotasi hawakuwa wameonja nyama tangu maji yapande, na Wafula alikuwa amesimama pale, tope mpaka magotini, mtu mzima anatetemeka kwa ajili ya sikukuu ya watoto wa wenzake. Abti akainuka. Akasema, "Twende, sahib, mbuzi wako hata kufa hajui saa."

Tulimkuta amelala, anapumua kwa tumbo. Abti hakumtazama pua. Mimi niliona. Haraka ile ya kwetu ilikuwa imemshika mikono. Alimgeuza kibla, akasoma bismillahi, akapitisha kisu. Mbuzi akakohoa. Alikohoa wakati shingo inakatwa, na damu ikamrukia abti usoni, machoni, mdomoni. Akatema, akajipangusa kwa bega, akaendelea. Mimi nikaanza kuchuna kwa ngumi, mikono mitupu, kama nilivyofundishwa.

Nilipofungua tumbo niliona ini. Vijana, nimeona maini mengi. Ini zima ni jekundu la kiza, linateleza, linashikana. Lile lilikuwa la rangi ya udongo, na nilipoligusa lilivunjika kama mkate mkavu. Abti akainama akalitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Hii hatuli."

Wafula hakubisha. Alichukua sepeto yake ya kazi, akachimba shimo nyuma ya kotasi, tukamzika mbuzi na ngozi yake na kila kitu. Watoto walitutazama kutoka madirishani. Mchana Wafula alipika mahindi na maharagwe ya msaada, akayatia pilipili nyingi ili yaonekane ni kitu kingine. Betri za radio zilianikwa, lakini jua halikuwako, watoto wakaimba wenyewe. Abti alikula akawachekesha, akasema huyu ni mbuzi wa kwanza kuzikwa kwa heshima, bado tu kumwitia padri.

Homa ilimkamata baada ya siku chache. Ilianza na mgongo na macho. Mimi ilinikamata pia, na nililala upande mmoja wa ukuta na yeye upande wa pili, nikimsikia. Mke wake Habiba alitupangusa wote wawili kwa kitambaa kimoja. Mimi nilitoka na jicho moja. Hili la kushoto tangu wakati huo naona kama natazama kupitia moshi wa kuni, na nimechinja miaka yote iliyobaki kwa la kulia. Ndiyo maana nawaambia, vaeni glavu. Mkiwa na mkwaruzo kidoleni, ufungeni. Mkimwona mnyama mgonjwa, wacheni afe. Itawauma. Wacheni afe.

Wafula alikuja kila siku. Hakuingia, alikaa kwenye kizingiti, magoti yamefika masikioni. Siku moja abti alimwita ndani. Fizi zilikuwa zinamtoka damu, alisema kwa taabu, na mimi niliinua kichwa nisikie.

"Wafula, mwaka ujao fuga kuku," alisema. "Kuku nachinja nikiwa nimekaa."

Wafula akacheka, halafu akaweka mkono juu ya mdomo. Abti alifariki siku ya pili yake, mwezi wa Ramadhani ukiwa unaandama. Tulimzika juu kwenye changarawe, kwa sababu makaburi ya chini yalikuwa majini.

Sasa mji ukaanza kusema. Mji ukiwa na njaa unasema sana. Mbuzi wa Krismasi ndiye aliyemwua Sahal. Yule mtu wa pampu alijua mbuzi wake ni mgonjwa, akamwita mzee wa watu aguse damu badala yake. Wafula akienda kupanga mstari wa chakula cha msaada, wanawake walivuta watoto wao pembeni. Watoto wale wale aliowapikia walimwita Mbuzi wa Krismasi, wakakimbia. Na sokoni likaanza neno zito zaidi, neno la mag. Mag kwetu ni fidia ya damu, mtu wako akiuawa, ukoo wa aliyeua unalipa ngamia. Na Wafula ukoo wake hapa ulikuwa nani? Pampu?

Nilimwambia asisikilize. Nilikuwa nimeanza kusimama, nashika ukuta. Alisema hasikilizi. Lakini alikuwa amekonda, na hata mtoni hakwenda tena kuangalia maji yanavyoshuka.

Kaka mkubwa wa abti, mzee Gedi, alikuja kutoka Bura kwa miguu na kwa mtumbwi. Yeye ndiye mwenye neno la damu. Siku ya dua alituma watu wamwite Wafula, na mji wote ukajua, na kusema kweli mimi niliogopa. Niliogopa kwa sababu Gedi alikuwa mtu mkali, na alikuwa amezika wanawe wawili wa kiume kabla ya kuja kumlilia ndugu yake. Wafula alikuja alasiri, amenyoa ndevu, amevaa ile shati yake nyeupe ya Krismasi. Alikaa uani nasi mpaka jua likaanza kushuka. Hakunywa maji, ingawa yeye hakuwa amefunga.

Kabla ya adhana Gedi akasema mbele ya wote. Alisema Kiswahili, ili yule aliyehusika asikie kwa masikio yake.

"Mimi nimesikia maneno ya soko. Watoto wangu wamekufa Bura. Huko kulikuwa na Krismasi? Ijara watu wamekufa. Nani aliwaita, Wafula? Huu ni ugonjwa, umetoka kwa Mungu na maji. Hakuna mag. Mtu atakayesema mag, aje aniambie mimi." Halafu akamgeukia. "Wewe ulimwita ndugu yangu kwa sababu ulitaka sisi tule. Kaa, ule na sisi."

Watu wakaitikia. Wanaume ambao wake zao walikuwa wamevuta watoto pembeni walimpa mkono. Wafula akapokea mkono wa kila mmoja, akasema asante, asante mzee. Nilifurahi. Nilidhani imekwisha. Tulifungua kwa tende, zile chache zilizokuwako, wanaume wakaenda kuswali, na mimi nikabaki kidogo nimekaa naye kwa sababu ya miguu yangu.

Akaniambia polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Kisu nilikuwa nacho, Bile. Cha jikoni. Ningemchinja mwenyewe."

Nikamwambia, "Ungemchinja mwenyewe sisi tusingekula."

Akasema, "Hamkula."

Nikaokota kokwa za tende nikazitia kwenye sahani.

Wanaume wakarudi, sinia za wali zikatoka, wali mkavu usio na nyama. Habiba alimwekea Wafula sahani yake peke yake, kubwa, kama mgeni. Wafula akasema anakwenda kunawa. Birika lilikuwa pale mlangoni kwenye kigoda. Akalipita. Akainama kwenye mlango wa ua, akatoka. Tulidhani amekwenda kujisaidia, na mtu hafuatwi huko. Habiba akafunika sahani kwa sababu ya nzi. Askari wa daraja alituambia kesho yake kwamba alimwona akivuka kwa miguu kuelekea ng'ambo, mikono mitupu, shati nyeupe, na kwamba alimwambia barabara bado imekatika, akamjibu anajua.